Tembo Asiyesema

Kanisani kwetu Berega mtu akisimama kutoa ushuhuda husema alikuwa nani, nini kilimkuta, na leo yuko wapi. Utaratibu huo ndio ninaoujua, nami nitaufuata hapa ingawa ushuhuda wangu ni wa kitabu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, mzaliwa wa huku Ukaguru, wilayani Kilosa. Nilikuwa mtu asiyemtakia mnyama wa porini jema lolote. Kilichonikuta ni riwaya ya vijana kuhusu ulinzi wa wanyamapori, niliyoanza kuiandika kwa ajili ya wanafunzi wangu baada ya kukosa ya namna hiyo katika kabati la shule. Niliianza ili nimalize ubishi wa darasani. Ikanibadilisha mimi kabla ya kumgusa mwanafunzi hata mmoja.

Watu wa mbali wakisikia Kilosa na Mikumi hudhani tunaamka na simba mlangoni. Berega tembo hatumwoni. Sisi tuko kaskazini mwa wilaya, vilimani, si mbali na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma: hospitali ya misheni ya Anglikana, chuo cha uuguzi, kanisa, na mahindi kila upande. Adui zetu ni nyani, ngedere na nguruwe pori. Nguruwe huja usiku na kuacha shamba limefukuliwa. Nyani huja mchana, na mama yangu aliapa kwamba wanamtambua mwanamke asiye na fimbo wakiwa ng'ambo ya korongo. Nyani hamalizi hindi. Anavunja, anauma mara moja, anatupa, anavunja jingine. Ukishuka mara moja kwenda kunywa maji, umekwisha.

Kwa hiyo utoto wangu ulipita juu ya dungu: nguzo nne, sakafu ya fito, paa la nyasi, na mtoto juu yake mwenye manati na debe bovu la kugonga. Mahindi yakianza kubeba, madawati ya shule hubaki wazi. Hali hiyo haikuisha na utoto wangu. Ninapoita majina asubuhi, kimya cha mtoto hunitosha kujua yuko shamba la nani.

Halafu kulikuwa na mjomba. Wakaguru tunafuata ukoo wa mama, hivyo mjomba ni mtu mzito: posa haijibiwi bila yeye, kesi haikatwi bila yeye, na kwetu ndiye aliyeninunulia sare ya shule. Mjomba wangu alikuwa na gobore. Alikuwa akipotea siku kadhaa, kisha anarudi alfajiri na gunia la mkaa ambalo ndani halikuwa na mkaa: leo funo, kesho nguruwe aliyekwisha kukatwakatwa. Hakuna aliyemwita jangili. Alikuwa mjomba, na jioni hiyo tulikula nyama. Wanyama wengine, wale wakubwa wa kwenye kalenda za ukutani, tuliwaita wanyama wa serikali. Na kitu kikishakuwa cha serikali, huku kwetu hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake.

Ndivyo nilivyokuwa nilipoanza kufundisha. Nilisomesha habari za wanyamapori jinsi zilivyo kwenye vifungu vya ufahamu: ni urithi wetu, ni kivutio cha watalii, hutuingizia fedha za kigeni. Nilitaja hata Tamko la Arusha la Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alipoahidi kwamba nchi itawatunza wanyama wake, na kila mwaka wapo wanafunzi waliolichanganya na Azimio la Arusha la 1967. Watoto walikariri, wakapata alama, wakarudi kwenye madungu.

Siku moja, Darasa la Sita, binti mmoja aliyekuwa amekosa shule wiki nzima kwa sababu ya nyani alinyoosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, hizo fedha za kigeni, bibi yangu anazipokelea wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikuwa na jibu, kwa kuwa swali lile nililikuta kwa mama yangu na nilikuwa nimelibeba miaka yote bila kulitamka. Nikamwambia nitalifanyia kazi, maneno ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania anajua maana yake.

Nikaenda kabatini kutafuta hadithi ambayo ingenisaidia. Za sungura na fisi zilikuwepo tele. Wanafunzi wa Darasa la Sita wakaniambia wazi kwamba hizo ni za wadogo zao. Kulikuwa na kijitabu cha uhifadhi ambamo tembo anasimama katikati ya kijiji na kuwasihi watu wasikate miti wala wasiue wenzake. Nikawasomea. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, tembo huyu anahutubia, huyu ni mgeni rasmi." Ikawa ndiyo hukumu ya kijitabu. Nikaazima riwaya ambazo wenzetu wa sekondari husoma, *Takadini*, *Watoto wa Mama N'tilie*, *Joka la Mdimu*. Ni vitabu vizuri, vina watoto wenye njaa ya kweli na watu wazima wenye makosa ya kweli. Lakini mtoto wa mkulima anayelala juu ya dungu akisubiri wanyama hakuwemo. Kwenye kabati letu alikosekana kabisa.

Nikanunua kaunta buku na kuandika juu yake kwa kalamu nyekundu sharti moja nililolichukua kwa yule kijana wa nyuma: katika kitabu hiki tembo hasemi.

Sharti hilo lilikuwa jepesi kuandika na gumu kulitimiza. Mnyama akikosa mdomo wa kibinadamu, mwandishi analazimika kujua anafanya nini hasa. Anakula nini, anatembea saa ngapi, anaogopa nini, akikasirika masikio yake hukaaje. Mimi nilijua habari za nyani. Za tembo nilikuwa sijui lolote, ilhali riwaya niliyotaka ilihitaji mnyama mkubwa, mnyama ambaye kumgusa ni kesi. Ikabidi niteremke kwenda Mikumi.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaikata katikati kwa kilomita 50 hivi. Abiria wengi wa Tanzania wamemwona twiga kwanza kupitia dirisha la basi hapo Mikumi, bila tiketi ya hifadhi. Mwendo wa juu ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, kuna matuta, na kuna bango lililoorodhesha wanyama na faini ya kila mmoja kwa dola, ili dereva ajue kabisa akimgonga swala ni kiasi gani na akimgonga twiga ni kiasi gani. Nililisoma bango lile taratibu, nikanakili. Nilikuwa nimefundisha kwa miaka kwamba wanyama wana thamani, na hapa thamani yenyewe ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa tarakimu. Mle barabarani nikamfikiria bibi wa yule binti, na nikaona bado jibu lake sijalipata.

Nililipata kidogo kwa mama mmoja wa tambarare za Mkata, upande wa Kilosa, ndugu wa mbali wa ukoo wetu aliyehama milimani kufuata ardhi ya kulima. Tembo wa Mikumi hawajui mpaka wa hifadhi. Mahindi yakikomaa hutoka. Alinipeleka shambani asubuhi.

"Nyie wa Berega mnalalamikia nyani," akaniambia. "Nyani unamsikia. Huyu hana kelele. Unalala, unasikia mahindi yanavunjika tu, unajua tayari. Ukipiga debe wengine wanaondoka, wengine wanakuangalia."

Alinionyesha kinyesi kikubwa kilichokuwa bado kina unyevu, akakipasua kwa mti. Ndani zilikuwemo punje za mahindi, nzimanzima, za njano. "Mbegu hii nilinunua kwa mkopo," akasema. Tembo mzima anaweza kula hadi kilo 150 za majani na vyakula vingine kwa siku, na shamba la mahindi mabichi kwake ni mezani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na kanuni zake za 2011 zinampa mkulima kitu kinachoitwa kifuta jasho, na aliyejeruhiwa au kufiwa kifuta machozi. Sheria haiviiti fidia. Mama yule alikuwa amejaza fomu, zikapelekwa ofisini, naye alikuwa bado anasubiri. Alizungumza bila hasira, na mimi niliyezoea hasira ya mama yangu juu ya dungu nikaona uchovu kuwa mzito zaidi.

Hapo ndipo nilipopata sura ya kwanza ya riwaya. Msichana wangu nimemwita Pendo. Alizaliwa katika hospitali ya Berega, mama yake akateremka naye Mkata kufuata shamba. Sura ya kwanza yote ni usiku mmoja juu ya dungu, na inamalizika kwa kile kinyesi chenye punje. Nilipoisoma darasani, Ijumaa kipindi cha mwisho, hakuna aliyecheka. Binti wa fedha za kigeni akasema, "Sasa huyu tunamwamini." Alimaanisha Pendo, lakini mimi nilijua kwamba ameamini kitabu kwa sababu kitabu kilimwamini mama wa Pendo kwanza. Nikakiweka hicho moyoni kuwa kanuni ya pili: shamba lililoliwa lisemwe kwa ukubwa wake kabla tembo hajaombewa chochote.

Hata hivyo mpaka hapo mimi mwenyewe nilikuwa bado upande wa shamba peke yake. Kilichonigeuza kilitoka mahali nisipopatarajia.

Mtu mmoja wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, aliponisikia nikiuliza habari za tembo wa Mikumi, alinipa nakala ya utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Waliouandika ni Kathleen Gobush, Profesa Benezeth Mutayoba wa chuo hichohicho cha Sokoine, na Samuel Wasser. Walikusanya kinyesi cha tembo jike wa Mikumi, kitu kilekile alichonipasulia yule mama, wakapima ndani yake homoni za msongo na vinasaba vya undugu. Tembo jike huishi kwa familia: mama, dada, mabinti, watoto, na mbele yao jike mzee ambaye anajua maji yako wapi mwaka wa ukame na hatari inatokea upande gani. Ujangili uliotangulia marufuku ya biashara ya meno ya tembo ya mwaka 1989 uliwaua hasa wakubwa, maana ndio wenye meno marefu. Familia nyingi za Mikumi zikabaki bila mzee, nyingine zikabaki na jike mmoja mmoja wasio na ndugu. Watafiti walikuta kwamba miaka mingi baada ya risasi kunyamaza, majike wa makundi yaliyovunjika hivyo bado walikuwa na msongo mkubwa kuliko wenzao, na walizaa kwa shida zaidi.

Nilisoma ukurasa ule usiku, nikaurudia. Kwetu ukoo ni wa mama. Bibi yangu mzaa mama alipofariki, dada zake mama walitawanyika, mashamba yakaleta ugomvi, binamu zangu wengine sijawaona mpaka leo, na kila mtu mzima wa ukoo akisimulia jambo hilo husema tulipotea siku ileile aliyozikwa. Sasa nilikuwa nasoma habari ya mnyama niliyemwita wa serikali, nayo ni habari ya kifo cha bibi yangu. Hakuna aliyeniambia nimhurumie tembo. Hakuna aliyetaja fedha za kigeni. Nilimtambua tu. Tangu usiku ule sikuweza tena kuandika sura ambayo tembo ni kelele ya mahindi gizani na basi.

Nikaandika sura ya pili kutoka upande wa tembo bila kumpa neno. Jike kijana, asiye na mzee mbele yake, anafika ukingoni mwa hifadhi na kusimama muda mrefu, mkonga hewani, akinusa moshi wa kijiji. Anageuka. Anarudi. Mwishowe anaingia shambani. Wanafunzi walibishana kwa nini aligeuka mara ya kwanza, na ubishi ule ulikuwa mtamu kuliko jibu lolote la ufahamu nililowahi kusahihisha.

Ikabaki kazi ya kumtafuta mwovu. Riwaya za vijana hupenda mwovu mmoja mwenye kovu usoni. Nilipochimba hesabu za kweli nikaona kovu moja halitoshi. Katika eneo la Selous na Mikumi, tembo waliohesabiwa mwaka 2009 walikuwa 38,975. Mwaka 2013 walikuwa 13,084. Wazee wenye magobore hawawezi kumaliza tembo zaidi ya elfu ishirini na tano kwa miaka minne. Ile ni biashara yenye fedha, magari, vibali vya kughushi na bandari. Februari 2019 mahakama jijini Dar es Salaam ilimhukumu Yang Fenglan, mfanyabiashara raia wa China aliyejulikana kwa jina la Malkia wa Meno ya Tembo, kifungo cha miaka 15. Biashara yenyewe si ngeni huku: karne ya 19 misafara iliyotoka bara ilipita Ugogo, Mpwapwa na Mamboya, jirani zetu hapa, ikiteremsha meno ya tembo hadi Saadani na Bagamoyo. Mabega yalikuwa ya watu wa bara. Faida ilivuka bahari.

Nikaandika pia upande wa pili. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Haikumaliza hata miezi miwili. Ilisitishwa baada ya malalamiko ya watu kuteswa, kuporwa na hata kuuawa, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne walipoteza nafasi zao. Watoto wa vijiji vya kando ya hifadhi wamesikia habari hizo majumbani. Riwaya ambayo askari wote ni malaika wangeifunga ukurasa wa kumi. Vilevile askari wa hifadhi hulala porini mvua ikinyesha, na wapo waliouawa kazini. Kwa hiyo katika kitabu changu yumo askari mmoja mwenye subira na mwingine mwenye kofi jepesi, na wote wawili wanavaa sare ileile.

Mwovu mwenyewe akawa mtu mwenye pikipiki na tabasamu, ambaye hagusi bunduki. Anafika kwa mjomba wa Pendo. Mjomba amekopa mkopo wa kausha damu kwa ajili ya mbegu na mbolea, tembo wamekula, mkopeshaji anataka kuchukua cherehani ya mkewe. Mtu wa pikipiki anataka jambo dogo tu: aonyeshwe njia wanayopita tembo usiku. Pendo amesikia mazungumzo hayo akiwa nyuma ya jiko.

Nilipofika hapo nikasimamisha kusoma, nikaandika ubaoni: Pendo amwambie nani?

"Askari," wakasema wachache.

"Mjomba akifungwa, daftari na sare nani atanunua?" akauliza kijana wa dawati la nyuma.

"Na yule tembo akiuawa, mtoto wake atamfuata nani?"

"Ukimtaja mjomba, ukoo mzima unakususa. Hata msibani hawaji."

"Anyamaze basi."

"Akinyamaza, naye ameonyesha njia."

Kisha mmoja, kwa heshima zote, mikono nyuma: "Samahani mwalimu. Wewe ungemtaja mjomba wako?"

Berega ni ndogo. Watoto wanajua nani alikuwa na gobore. Nikawaambia kengele imegonga, na kwa bahati nzuri ilikuwa imegonga kweli.

Jumamosi nikaenda kwa mjomba na kaunta buku yangu. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mwanangu. Hiki ndicho kitabu cha kunishtaki?" Nikamwambia kaa usikilize. Nilimsomea mpaka jua likapungua, naye akanikatiza kila ukurasa. Gobore, akasema, halipigi mfululizo kama la kwenye sinema: ukishapiga mara moja umebaki na moshi na miguu yako. Tembo hauawi kwa gobore lake. Gobore ni la funo. Watu wa tembo huja na bunduki za vita, na wanachohitaji kijijini ni mtu wa kuwaonyesha njia na mtu wa kunyamaza. Akanitajia jinsi mwindaji anavyosoma nyayo na upepo, nami nikaandika haraka, kwa sababu ilikuwa elimu ambayo hakuna kitabu cha shule kilicho nayo.

Nikamuuliza aliacha lini. "Sheria haikuniachisha," akasema. "Nilianza kurudi mikono mitupu. Siku ya mwisho nilitembea msitu mzima sikuona hata mavi ya funo. Nikakaa chini, nikajiuliza, nimewamaliza mimi?" Halafu akacheka, akaagiza chai. Nilimwomba ruhusa ya kuyatumia maneno yale. Akaruhusu, kwa sharti kwamba mjomba wa Pendo asiwe mjinga.

Jibu la ubaoni lilitoka kwa binti wa fedha za kigeni, Ijumaa iliyofuata. "Amwambie bibi," akasema. "Mjomba ni mtoto wa bibi. Bibi ndiye aliyemzaa." Darasa zima likanyamaza, maana kila mtoto wa Kikaguru aliona mara moja kwamba mlango upo hapo. Na ndivyo riwaya inavyokwenda sasa. Bibi anaita kikao. Mjomba anakaa kwenye kigoda mbele ya mama yake na dada zake, na aibu anayoipata hapo hakuna mahakama inayoweza kuitoa. Ukoo unachanga sehemu ya deni. Mjomba mwenyewe anakwenda kwa mtendaji wa kijiji kutoa habari za mtu wa pikipiki, na anasalimisha gobore katika kipindi cha msamaha, kama vile serikali inavyotangaza mara kwa mara kwa wenye silaha haramu.

Tembo wanaendelea kuja. Nilikataa kuwaondoa kwa muujiza. Pendo na wenzake wanajaribu uzio wa mizinga ya nyuki, jambo lililofanyiwa utafiti nchini Kenya na Lucy King na ambalo wakulima wa Kilombero, pembeni mwa Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, nao wamelitumia: mizinga inatundikwa kila baada ya mita 10 hivi na kuunganishwa kwa waya, tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Tembo huogopa nyuki. Lakini nyuki wanataka maji na uangalizi, na mizinga mingine hukaa mitupu msimu mzima. Wanajaribu pia vitambaa vilivyopakwa pilipili iliyosagwa na oili chafu. Mvua ikinyesha inabidi upake tena. Wanapanda ufuta ukingoni mwa shamba, kwa kuwa tembo haushabikii. Mavuno ya mwisho wa kitabu ni nusu. Wanafunzi walilalamika kwamba nusu ni kidogo. Mama wa Mkata nilipomsomea alisema nusu ni nyingi.

Sasa niko wapi? Nyani ninawafukuza bado, tena kwa mawe. Sitadanganya katika ushuhuda. Lakini nyama ya porini inayopitishwa mlango wa nyuma sinunui, na anayeileta anajua asigonge kwangu. Shuleni tuna Klabu ya Malihai, moja ya zile klabu zilizoanzia Arusha mwaka 1980, na zamani kazi yetu ilikuwa kupanda miti na kuimba wageni wakija. Siku hizi tunasoma pia, na kila mwanachama anaandika habari ya mnyama mmoja aliyemwona kwa macho yake, bila kumpa sauti ya mtu.

Badiliko lililonifurahisha zaidi halikutokea kwa watoto. Sura ya dungu ilizunguka nyumbani kwao kwa kusimuliwa, ikawafikia wazazi. Kwenye kikao cha shule baba mmoja alisimama akasema amesikia mwalimu amemwandika mtoto wake kitabuni. Nikadhani ni ugomvi. Akapendekeza wazazi wa kitongoji chao walinde mashamba kwa zamu, watu wazima, ili watoto waende shule msimu wa mahindi. Wamefanya hivyo msimu huu. Si vitongoji vyote, ila ninapoita majina sasa wanaoitikia wameongezeka, na binti wa fedha za kigeni ni mmoja wao.

Kitabu hakijachapishwa. Siku hizi kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, na wenzangu wananisukuma nipeleke muswada. Pengine nitapeleka. Kwa sasa ninawaomba walimu wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi, wa Doma, wa Kisaki, wa kule Kilombero, kila mmoja aandike cha kwake, kwa sababu changu hakitamfaa mtoto wa Serengeti wala wa Ruaha. Sharti ni lile la kalamu nyekundu, pamoja na moja nililojifunza kwa yule binti: kabla hujamwambia mtoto amlinde mnyama, mjibu kwanza bibi yake anapata nini. Mimi nimelijibu swali lake kwa riwaya nzima, naye bado anasema sijamaliza. Ana haki.